Mgeni Katika Nyumba Yake

Wako wenzetu wanaoamini kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma ya kuwachezea wageni jioni, kisha ikafungiwa ghalani mpaka jioni nyingine. Imani hiyo ni kasumba, na mahali inapodhihirika waziwazi ni katika hoteli kongwe za mwambao wetu.

Miaka michache iliyopita, nikiwa likizoni pamoja na mke wangu, nilipanga chumba katika hoteli moja ya Mji Mkongwe wa Unguja. Jina lake silitaji, kwa kuwa ugonjwa ninaousema si wake peke yake. Ni jumba la kale linaloielekea bahari: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vidaka ukutani, dari ya boriti za mikoko, na mlango wa nakshi. Sikatai kwamba nililala humo kwa furaha na fahari.

Mchana tukaketi kula. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza tangu jalada mpaka bei. Kijana wa kutuhudumia alitupa shikamoo kwa adabu, kisha akatutajia samaki wa siku ile kwa jina la Kiingereza.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huyo ni changu au kolekole?"

"Ni changu, mzee. Baba yangu ni mvuvi."

"Mbona basi hamkuandika changu?"

"Imeandikwa kwa ajili ya wageni, mzee."

Simlaumu kijana yule. Samaki aliwajua wote. Ila ujuzi wake haukuhitajiwa na mtu. Ninaowalaumu ni wale waliomfundisha kwamba lugha ya mama yake ni ya jikoni, na ya mezani ni nyingine.

Hebu tupime uzito wa jambo hili. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kigoma na mtoto wa Kisumu husahihishiwa insha zao kwa kipimo kilichotoka katika vichochoro vya mji huu. Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Dunia imekipa Kiswahili siku nzima. Nyumba yake yenyewe imekinyima ukurasa mmoja! Kilichobakizwa humo ni "jambo" na "hakuna matata", maneno ambayo hakuna mama wa Ng'ambo amwamkiaye jirani yake kwayo.

Historia nayo imetendewa vivyo hivyo. Kuta za hoteli ile zimejaa picha za masultani, mabalozi na wasafiri wa Ulaya. Ni nani aliyechoma chokaa? Ni nani aliyeingia matopeni kukata boriti? Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya majumba yale ni virefu na vyembamba. Hiyo ni hesabu ya fundi, si ya balozi. Tena, majumba mengi ya mji ule yalijengwa katika karne ya 19, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka mwaka 1897. Anayesimulia uzuri wa jumba bila ya kuitaja mikono iliyobeba mawe, hasimulii historia. Anauza kivuli chake.

Watasema, "Utalii huleta fedha za kigeni, tusiwasumbue wageni." Ni nani aliyesema tuwasumbue? Kiingereza na kibaki. Lakini mtu hasafiri kuvuka bahari ili akute vile alivyoviacha kwao. Kuandika "changu" juu ya jina la kigeni hakumpunguzii mgeni shibe, wala hakumpunguzii mwenye hoteli faida. Kunamwongezea mwenyeji heshima yake.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Nchi nzima ilihuzunika, na ilistahili kuhuzunika. Lakini neno "boriti" likidondoka katika vinywa vya watoto wetu, au "kidaka", au "nakshi", hakuna kishindo kinachosikika wala vumbi linalotimka. Ukuta huweza kujengwa tena kwa mawe na chokaa. Neno lililokwisha kusahauliwa na wenyewe, ni fundi gani atakayelijenga?

Basi, ndugu walimu, mkiwapeleka wanafunzi kuyatazama majumba haya, msiwaachie wasimame nje wakipiga picha mlango. Waulizeni kila kiungo cha nyumba kinaitwaje, kimetengenezwa kwa nini, na kwa jasho la nani. Nanyi vijana, mtakapokuwa wahudumu, mameneja au wenye hoteli, kumbukeni kwamba mwenye nyumba hujulikana kwa lugha inayomkaribisha mgeni mlangoni. Asiyeweza kuagiza chakula kwa lugha yake, pwani kwake, ndani ya kuta zilizojengwa na babu zake, huyo ni mpangaji tu, hata akiwa na hati ya nyumba mfukoni.