Kikombe cha Mjini na Birika la Nyumbani

Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Walionena hivyo hawakuiona mikahawa ya Nairobi, lakini neno lao lamfaa sana mwenye mshahara wa siku hizi. Mtu huyu hanunui gari asiloliweza, wala halewi, wala hachezi kamari. Hata hivyo, ifikapo tarehe 20 mfuko wake ni mtupu, naye huuliza fedha zimekwenda wapi. Mara nyingi zimekwenda kidogo kidogo, na mojawapo ya njia zake ni kile kikombe cha kahawa kinunuliwacho kila asubuhi kabla ya kuingia ofisini.

Desturi hii ni ngeni kwa watu wengi wa bara. Mmea wenyewe si mgeni sana, kwa maana wamisionari walipanda kahawa Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893, na chai ikapandwa Limuru mwaka 1903. Lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kulima kahawa, isipokuwa wachache walioruhusiwa katika sehemu kama Meru na Kisii kuanzia miaka ya 1930. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo wengi walipopata ruhusa. Hata hao waliilima ili iuzwe ng'ambo, na nyumbani mwao wakanywa chai. Huko Pwani kahawa ilikuwa kinywaji cha barazani tangu zamani, lakini muuza kahawa aliyepita na dele lake la shaba na vikombe vidogo hakumfilisi mtu. Mkahawa wenye viti laini na mashine ya mvuke ulienea Nairobi baada ya mwaka 1999, Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza mjini humo, na mingine mingi ikafuata.

Basi yafaa kuchukua kalamu na karatasi. Tuseme kikombe kimoja cha kahawa yenye maziwa chauzwa shilingi 300. Karani aendaye kazini siku 22 kwa mwezi hulipa shilingi 6,600, na kwa mwaka shilingi 79,200. Hapo keki na andazi havijahesabiwa. Kila msomaji na aweke bei ya mahali anaponunua yeye, apige hesabu yake mwenyewe.

Sasa na ipigwe hesabu ya chai. Kikombe kimoja chataka majani yapata gramu 2, kwa hiyo paketi ya gramu 250 hutoa vikombe 125. Ikiwa paketi hiyo ni shilingi 150, majani ya kikombe kimoja ni shilingi moja na senti 20. Ikiwa nusu lita ya maziwa ni shilingi 65, robo kikombe au nusu kikombe ya maziwa haifiki shilingi 15. Ongeza sukari na moto, na kikombe chote hakizidi shilingi 20. Kwa siku zile zile 22 gharama yake ni shilingi 440. Tofauti ya mwezi ni shilingi 6,160, na ya mwaka ni shilingi 73,920.

Huenda mtu akasema kwamba anunuapo kahawa anamsaidia mkulima wa Nyeri au Kirinyaga. Ni neno jema, lakini nalo lataka hesabu. Kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo sita au saba za matunda mabichi, na ikaangwapo hupungua tena uzito. Tuseme mkulima amelipwa shilingi 100 kwa kila kilo ya matunda, na mkahawa watumia gramu 18 za unga kwa kikombe. Hapo fungu la mkulima katika kile kikombe cha shilingi 300 ni kama shilingi 15. Zilizobaki ni kodi ya nyumba, mishahara, umeme, maziwa na faida. Mwenye mkahawa hakumwibia mtu, kwa sababu anauza kiti, kivuli na utulivu wa saa moja, na hivyo vina bei yake. Lakini mnunuzi na ajue anachonunua.

Fikiri juu ya karani mmoja, aliye mfano wa wengi. Jioni moja mkewe amwambia, "Baba watoto, kijana amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Zapungua shilingi 6,000." Mume ajibu kwamba hana kitu mpaka mwisho wa mwezi. Mke amwonyesha karatasi alizozitoa mifukoni mwa koti alipokuwa akilifua, kila moja ya shilingi 300. Mume akasirika. "Mama, nafanya kazi kutwa nzima. Je, sistahili hata kikombe kimoja?" Mke ajibu kwa upole, "Wastahili hata viwili, Baba watoto. Nami nitakuandalia. Lakini mtoto asikae nyumbani wakati wenziwe wanasoma."

Maneno ya mke huyu yana hekima mbili. Kwanza, hakumwita mumewe mpumbavu. Pili, hakumwondolea kitu bila kumpa kingine. Wengi waachao desturi yenye gharama hushindwa kwa sababu huacha pengo tupu. Mtu huyo alizoea kituo kidogo kati ya basi na kazi, joto la kikombe mkononi, na salamu za rafiki. Vitu hivyo vikiondolewa vyote siku moja, atarudi mkahawani kabla ya juma kwisha.

Lipo pia jambo la mwili. Katika kahawa mna kafeini, dawa iamshayo akili. Katika chai imo pia, lakini kikombe cha chai kwa kawaida huwa na kama nusu tu ya ile iliyo katika kikombe cha kahawa kilicho sawa nacho. Aliyezoea vikombe vingi vya kahawa akiviacha ghafula aweza kuumwa na kichwa na kuwa mzito, kuanzia nusu siku au siku nzima baadaye, na hali hiyo huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Si ugonjwa wa kutisha, wala si dalili kwamba chai haifai. Njia nyepesi ni kupunguza polepole: juma la kwanza anunue kahawa siku tatu, juma la pili siku moja, na siku nyingine anywe chai.

Na chai yenyewe iwe nzuri. Nchi iuzayo ng'ambo chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani haina sababu ya kunywa maji ya rangi. Mchumaji wa Kericho au Murang'a huchagua majani mawili na chipukizi lake, na kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Kazi hiyo yastahili heshima jikoni. Majani yakae katika kopo lenye kifuniko, mbali na sabuni na vitunguu, kwa kuwa chai hunywa harufu upesi. Apendaye chai ya rangi achemshe maji mapya, ayamimine juu ya majani birikani, afunike dakika tatu hadi tano, kisha achuje. Apendaye ya maziwa achemshe maji, maziwa na majani pamoja katika sufuria, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Aitie katika chupa ya chai aende nayo kazini, na ifikapo saa nne ya asubuhi ammiminie na mwenzake. Chupa moja yatosha watu wawili au watatu, na mazungumzo hayapungui utamu.

Mambo mawili yataka hadhari. La kwanza ni sukari. Vijiko vitatu vya chai ni kama gramu 12, na vikombe vinne vya namna hiyo hukaribia gramu 50, ambazo Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizipite kwa siku, na zikipungua hadi nusu ni bora zaidi. La pili ni wakati wa kunywa. Chai inywewapo pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe. Kwa hiyo mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu wangoje saa moja hivi baada ya kula.

Limebaki neno lililo kubwa kuliko yote. Fedha isiyotumiwa mkahawani haijawa akiba bado. Ikibaki mfukoni itatafuta njia nyingine, na mwisho wa mwezi hakuna atakayeiona. Yafaa zile shilingi 6,000 ziondolewe siku ile ile ya mshahara na kupelekwa katika chama cha akiba na mikopo, nazo zipewe jina, kama karo, mabati au ng'ombe wa maziwa. Vyama vingi vya namna hiyo humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo birika la mwaka mmoja laweza kufungua mlango ambao kikombe cha mjini kisingeufungua.

Wala si lazima mtu aape kutokanyaga tena mkahawani. Aende siku ya mshahara, pamoja na mkewe au rafiki, aketi, anywe bila haraka na alipe bila majuto. Kikombe kinywewacho mara moja kwa mwezi ni starehe, na mwenye nacho atakikumbuka. Kile cha kila siku hakikumbukwi hata jioni ile ile, ila na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.