Klauni asivae matambara ya mtu

Mmeona tangazo la komite ya teatre kwenye ubao. Katika mchezo wa mwisho wa mwaka kutakuwako klauni watatu, na wale watatu wameombwa kuleta "nguo za kupasuka-pasuka". Ni maneno hayo tunayotaka kujibu. Juu ya klauni wenyewe hatuna neno. Mchezo wa saa mbili pasipo kucheka ni mrefu, na wazazi wanaokaa juu ya benchi za mbao wanajua.

Lakini juu ya nini kupasuka? Mtu akitoka mbele ya watu na suruali yenye matundu ku magoti, watu wanacheka, ni kweli. Wanacheka nani? Si mchezaji. Wanacheka yule mzee anayelala pembeni ya soko na kuvaa gunia. Wanacheka yule mama mgonjwa wa akili ambaye watoto wanamfuata kwa mawe. Na ku benchi za nyuma kuko mwanafunzi mwenzetu ambaye suruali yake ya buluu imetiwa kiraka mara mbili mwaka huu, na hana ingine. Yeye vilevile ataangalia mchezo. Tutamwambia nini? Kwamba ni mchezo tu?

Wengine watasema: hata klauni wa Ulaya walianza na matambara. Sawa, tuangalie basi. Katika teatre ya Waitalia ya zamani, mtumishi Arlecchino alivaa nguo ya viraka sababu alikuwa maskini. Lakini katika karne ya 17 vile viraka vilianza kupangwa: vikakatwa sawasawa, pembe nne zenye ncha, rangi mbalimbali, kila kimoja pahali pake. Umaskini ukatoka, rangi zikabaki. Mpaka leo mtu akiona ile nguo anajua ni Arlecchino, wala hafikiri maskini wa barabarani.

Na Charlie Chaplin? Aliingia katika sinema kule Marekani mwaka 1914, na aliandika mwenyewe kwamba alitaka kila kitu kipingane na kingine: suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vikubwa. Alicheza maskini, ndiyo, lakini maskini mwenye kofia na fimbo, mwenye kusalimu watu kwa heshima kupita tajiri. Kicheko kinaangukia polisi na bwana mkubwa. Tena kazi kubwa haikufanywa na matundu, ilifanywa na vipimo.

Ndiyo maana tunasema: mafundi wetu washike metre mbele ya kushika makasi. Suruali ya mtu wa kilo 100 apewe mwenye kilo 50. Kiunoni mpitishe waya mzito ndani ya pindo, duara lisimame mbali na tumbo kama kinywa cha pipa, na bretele mbili za mabegani kulishika. Akitembea, duara linakwenda kushoto wakati yeye anakwenda kuume. Ncha za waya zikunjwe na kufungwa kitambaa vizuri, kwani klauni anaanguka, na waya haujui teatre. Katikati ya miguu mshone kipande cha pembe nne, kikubwa kama viganja viwili. Pasipo kile, suruali itapasuka siku ya kuruka kwa kwanza, na hapo komite itapata kupasuka kwake kweli kweli!

Kola ndiyo inafurahisha zaidi kutengeneza. Mkamate kitambaa cha metre tatu, upana wa kiganja, mpitishe uzi ku upande mmoja, mvute polepole mpaka kizunguke shingo. Metre tatu zinakuwa sentimetre 40, na kitambaa chenyewe kinafunguka kama ua. Kikilegea, kichovywe katika uji mwepesi wa muhogo, kikauke nusu, kipigwe pasi. Vitambaa si lazima kununua. Kwa mafundi wa mtaani kunabaki mifuko ya vipande vya vikwembe ambavyo wanatupa. Mtu akienda kuomba kwa adabu atapewa. Nywele, rafia. Pua, kipande cha muse ya matela iliyozeeka. Tusikie tena habari ya kuomba kila mzazi franga za "costume"? Hapana.

Ku uso, unga wa muhogo na mafuta kidogo unatosha. Kuko wale wanaotaka chokaa sababu inashika vizuri. Tunakataa kabisa. Chokaa inachoma ngozi, na ikiingia ndani ya jicho inaweza kulipofusha.

Kuko jambo lingine la uso, na ni zito kidogo. Tumesikia kwamba klauni wa uso mweupe ndiye atakuwa mkubwa, na mwenzake asiyepakwa atapigwa makofi toka mwanzo mpaka mwisho. Mpango ule si mpya. Kule Paris, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kulikuwa Mwingereza mmoja, George Foottit, mwenye uso mweupe, na mwenzake Rafael, mtu mweusi aliyezaliwa katika utumwa kule Cuba, ambaye watu walimwita Chocolat. Foottit alitoa amri, Chocolat alikula makofi, na watu walilipa kuangalia. Rafael alikufa Bordeaux mwaka 1917, katika umaskini, na Wafaransa walimsahau mpaka hivi karibuni, walipotoa filme juu ya maisha yake mwaka 2016. Hatusemi klauni asipigwe kofi, kofi la teatre haliumizi. Tunasema wabadilishane: wa kupigwa katika kipande cha kwanza apige katika cha pili, na nguo zao ziwe na uzuri sawa, kusudi watu wasijue mbele ya wakati nani ataanguka.

Mwisho, nani anashona? Kila mwaka ni wasichana wa seksio ya kushona. Wanakaa na mashini mpaka jioni, na usiku wa mchezo wanaitwa wachezaji mmoja mmoja kupigiwa makofi, wao wakiwa nyuma ya pazia na sindano mkononi, kama kifungo kitakatika. Majina yao yaandikwe ku programu pamoja na ya wachezaji. Na wavulana nao waje kushona. Mafundi wengi wa mtaani kwetu ni wanaume, na hatujasikia sindano imevunja mkono wa hata mmoja.

Gunia moja la vipande liko tayari katika chumba cha komite. Kunakosekana raba ya kiuno, vifungo vikubwa vya rangi yoyote, waya metre mbili, na koti moja la mtu mnene. Mwenye baba mnene aombe ruhusa kwanza. Koti halitakatwa, tutalipunguza kwa uzi mrefu tu na kulirudisha kesho yake nyuma ya mchezo.