Sabufa Kubwa Inaua Filamu

Kijana wa Ruhuwiko, hapa Songea, anayeanza maisha, akishapata godoro, jiko la gesi na runinga, kinachofuata ni sabufa. Wenzake watamuuliza ina wati ngapi, tena watauliza kama inatikisa. Kama inatamka, hakuna atakayeuliza. Imani hii, kwamba sauti nzuri ya filamu nyumbani ni besi nzito na wati nyingi, imetukaa vichwani kiasi kwamba muuzaji, fundi na mnunuzi wanaisema kwa mdomo mmoja. Ni imani potofu, na inawala vijana fedha walizozipata kwa jasho.

Tuanze na hizo wati. Boksi linaandikwa wati 5,000, jingine 10,000, kwa herufi za kung'aa. Sasa igeuze mashine yenyewe. Nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia, pamebandikwa kikaratasi chenye maandishi ya kusoma kwa tochi ya simu. Hicho ndicho kinachosema mashine inakula umeme kiasi gani: wati 40, 60, pengine 80. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo haikuipokea ukutani. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukata inamaliza uniti moja ya LUKU. Sabufa ya wati 10,000 za kweli ingemaliza uniti 10 kwa saa, na plagi zetu za ampea 13, ambazo kwa volti 230 hupitisha kama wati 3,000, zingeunguza fyuzi kabla filamu haijapamba moto. Namba ya kwenye boksi imewekwa ili boksi liuzike, basi.

Hata wati zingekuwa za kweli, sikio halizihesabu kama mfuko unavyozihesabu. Ukiongeza nguvu maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo ukiwa unaongea na mtu unaweza usiigundue. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke karibu mara kumi. Anayejinyima miezi kadhaa ili atoke kwenye wati 40 aende kwenye 80 ameuziwa tofauti ambayo ataisikia kwa shida.

Halafu kuna chumba chenyewe, na hapa ndipo ninapowakasirikia zaidi wanaohubiri besi. Nyumba nyingi za kupanga za huku kwetu ni za tofali za kuchoma, vyumba vimefuatana kwa mstari, na kuta za katikati zinaishia usawa wa dari. Ukipanda juu ya dari unakuta uwazi mmoja chini ya bati, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, na sauti inapita humo. Wimbi la sauti la hezi 50, ambalo ndilo besi yenyewe hiyo mnayoipenda, lina urefu wa karibu mita 7. Sebule ina mita 3 na nusu. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, kisha linajirundika kwenye kuta na pembeni huku likififia katikati ya chumba. Mwenye sabufa amekaa kwenye kochi hapo katikati, anaona haijakolea, anaongeza. Mpangaji wa upande wa pili, aliyeegemeza kichwa cha kitanda kwenye ukuta uleule, anaipata yote. Yeye hakununua chochote, wala hiyo filamu haioni.

Huambiwa kwamba sisi ni watu wa muziki mnene, kwamba kwenye sherehe za kipaimara hapa Songea bila besi hakuna sherehe. Sawa kabisa. Lakini sherehe ile iko uwanjani, chini ya turubai. Besi inatoka na kutawanyika, haina ukuta wa kuirudisha, na ndiyo maana panahitajika maspika makubwa kama makabati. Kuchukua kipimo cha uwanja na kukiingiza kwenye chumba na sebule ni kutojua sauti inavyoishi.

Kikubwa kuliko vyote ni filamu yenyewe. Filamu ni maneno. Ukumbi wa sinema unaofuata utaratibu una spika nyuma ya pazia la picha, katikati, na pazia limetobolewa matundu madogo ili sauti ipite. Sehemu kubwa ya mazungumzo hutokea hapo, ili aliyekaa pembeni naye asikie neno likitoka kwenye mdomo wa anayeongea. Besi ya milipuko imetengewa njia yake ya pembeni, nayo kwa muda mrefu wa filamu inakaa kimya. Sisi tumechukua hicho cha pembeni tukakifanya mfalme.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kulijua hili. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamkumbuka Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliyekuwa akizisimulia kwa Kiswahili filamu za nje. Watu waliufuata ule usimulizi. Picha ilikuwa imechujuka, kanda imechoka, lakini maneno yalifika mpaka benchi la nyuma, na watu waliondoka wakiwa wamekielewa kisa. Leo mtu ana runinga kubwa, ana filamu ya Kibongo ambayo mazungumzo yake pengine yalinaswa kwa shida tangu mwanzo, na anayapitisha kwenye boksi la mbao lililoko sakafuni ambalo hata sauti za watu linazigeuza kuwa mngurumo. Vile vispika vya pembeni vinavyouzwa pamoja na sabufa ni vidogo mno kubeba sauti ya mtu mzima, kwa hiyo sabufa inabebeshwa kazi isiyo yake. Kila baada ya dakika chache rimoti inafanya kazi: wakiongea anapandisha, wakipigana anashusha.

Na zile hom thieta za spika tano? Angalia zimeunganishwaje na king'amuzi. Mara nyingi ni waya mbili, mwekundu na mweupe. Waya mbili zinaleta njia mbili za sauti. Hizo spika nyingine zinagawiwa nakala ya kilekile, na wewe umelipia tano.

Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tukaachana na kutegemea mitambo ya dizeli. Umeme ule tuliungoja miaka mingi. Inaniuma kuona tunautumia kumnyima usingizi nesi aliyetoka zamu ya usiku na mtoto mchanga wa chumba cha tatu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015 chini ya sheria ya mazingira, lakini mpangaji gani ataenda kumshtaki jirani anayechota naye maji bomba moja? Atavumilia, au atahama.

Mwenye chumba na sebule anahitaji spika mbili nzuri, hata za mtumba, zenye koni ya sauti za kati ya kueleweka na twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, inayofanya kazi. Aziweke kushoto na kulia mwa runinga, usawa wa masikio ya aliyekaa, umbali kati yao ukaribiane na umbali wa kutoka kwake hadi kila moja. Atashangaa neno likisikika katikati ya kioo ingawa pale hapana spika. Zulia na pazia zito vitapunguza mwangwi wa kuta tupu. Na wenye nyumba mnaojenga sasa, pandisheni kuta za katikati mpaka kwenye bati. Ni kozi chache tu za tofali.

Ukienda dukani, muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi na kuupandisha hadi meza itetemeke. Mkatalie. Mwombe aweke taarifa ya habari kwa sauti ndogo, kisha rudi nyuma hatua kadhaa na umpe mgongo msomaji. Sikiliza S, F na SH. Kama "sina" na "shina" zinafika sikioni kama neno moja, mwambie alirudishe boksi lake rafuni, hata likiwa na wati 10,000.