Onyo Kwenye Mwongozo Si Kufuli

Mtu akichukua barua aliyoiandika kwa Microsoft Word, ile ambayo jina lake linaishia na .docx, akafuta mwisho huo na kuweka .zip, kisha akaifungua, hatakuta barua. Atakuta folda na mafaili madogo madogo: maneno kwake, picha kwake, mitindo ya herufi kwake. Kumbe barua ni furushi. Jedwali la Excel nalo ni furushi, na programu za simu za Android zinazosambazwa kama APK zimefungashwa kwa mtindo huohuo.

Mtindo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1989, kwa mkono wa Phil Katz wa mjini Milwaukee. Katz alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37 tu, lakini herufi za mwanzo za jina lake, PK, zingali zimekaa mwanzoni mwa faili la kawaida la zip.

Mfumo wowote unaopokea CV, nyaraka za zabuni au picha kwa mkupuo una kazi ya kufungua mafurushi. Ni nadra mwandishi wa programu kuiandika kazi hiyo mwenyewe kuanzia sifuri. Huita maktaba, yaani hazina ya msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Sifa za maktaba hizo huenda kwenye hesabu za kubana na kubanua data. Pembeni zipo fanksheni ndogo ambazo hazisifiwi na mtu: ya kusoma majina, ya kujumlisha ukubwa, ya kukagua kama data imeharibika njiani, na ya kuamua kila faili litue wapi. Hiyo ya mwisho ndiyo imeleta balaa kuliko ukubwa wake.

Kila faili lililomo kwenye furushi hubeba jina, na jina hilo hueleza pia mahali pa kukaa, kwa mfano picha/harusi.jpg. Sasa, katika lugha ya kompyuta, nukta mbili zikifuatwa na mkwaju maana yake ni “rudi folda moja nyuma”. Mdukuzi akiliita faili lake ../../../ kisha akaongeza jina la folda ya mfumo, fanksheni isiyouliza maswali italitii jina hilo. Itatoka kwenye folda ya picha, itapanda ngazi tatu, na kulitua faili la mgeni katikati ya mafaili ya mwenye nyumba, pengine juu ya lililokuwapo.

Dawa yaonekana nyepesi: unganisha jina na folda, nyoosha zile nukta, halafu hakikisha njia iliyopatikana inaanza na folda iliyokusudiwa. Hapo napo pana mtego. Folda ikiwa ni /data/picha, basi /data/picha-siri nayo “inaanza” na maneno hayohayo, na ukaguzi utaipitisha bila wasiwasi. Ulihitajika mkwaju mmoja tu mwishoni mwa ulinganisho. Kazi ya aina hii haifai kuachiwa kila mtu aifanye upya saa mbili usiku, mradi ukidaiwa kesho.

Hivyo ndivyo ilivyoachwa. Juni 2018 kampuni ya usalama ya Snyk ilitangaza udhaifu iliouita Zip Slip, uliokuwa umeenea kwenye maelfu ya miradi, ikiwemo ya makampuni makubwa ya teknolojia. Lugha ya Java iliumia zaidi, na sababu yake inafundisha. Haikuwa na maktaba kuu iliyompa mwandishi amri moja salama ya kufungua furushi zima. Kwa hiyo kila mmoja alishona vipande vyake, au akanakili vya mwenzake, na vipande vilivyozunguka vilikuwa na tundu lilelile.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya WinRAR, programu iliyozoeleka kwenye kompyuta nyingi kwa ule ujumbe wake wa kukumbusha kwamba muda wa majaribio umekwisha. Watafiti wa Check Point waligundua kuwa furushi lililotengenezwa kwa hila liliweza kupandikiza faili kwenye folda ambayo Windows huendesha yaliyomo kila mtumiaji anapoingia kwenye kompyuta. Kosa lilikuwa kwenye maktaba ndogo ya kufungua mafaili ya ACE, na lilikuwa limelala humo kwa miaka 19. Watengenezaji wa WinRAR hawakuwa na msimbo wa maktaba hiyo ili waurekebishe. Waliing’oa yote.

Lakini kisa chenye hoja nzito zaidi ni cha Python, lugha ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta huanza nayo. Mwaka 2007 iliripotiwa kwamba sehemu yake ya kufungua mafurushi ya tar, mtindo mwingine wa kufungasha mafaili, hufuata nukta mbili popote ziendako. Watunzaji walijibu kuwa ndivyo tar ilivyokusudiwa kufanya, wakaongeza onyo kwenye mwongozo: furushi lisiloaminika lisifunguliwe kabla ya kukaguliwa. Wakati huohuo, ndani ya Python hiyohiyo, sehemu ya zip ilikuja kuzibwa, na tangu toleo la 2.7.4 la mwaka 2013 inaziondoa nukta hizo yenyewe. Nyumba moja, mlango mmoja una kitasa, mwingine umebandikwa karatasi.

Karatasi ilisomwa na wangapi? Mwaka 2022 mtafiti wa kampuni ya Trellix alikutana na tundu hilo akadhani amegundua jipya. Kampuni yake ilikadiria kuwa miradi 350,000 ilikuwa hatarini. Wapo waliosema ni uzembe wa waandishi wa miradi hiyo, kwani onyo lilikuwapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ni rahisi kwa mtunza maktaba kumwambia mtumiaji akague, wakati ukaguzi wenyewe ndio huo wenye mitego ya mkwaju mmoja. Kosa likirudiwa kwenye miradi zaidi ya laki tatu, haliwezi tena kuitwa la mtu mmoja mmoja. Ni la chombo walichopewa.

Waliopinga mabadiliko hawakuwa wajinga. Tar ilibuniwa kuhifadhi nakala kwenye kanda za sumaku, na anayerejesha mfumo mzima anataka kila kitu kirudi pale kilipotoka, pamoja na njia zake zote na viungo vyake, yaani njia za mkato zinazoelekeza kwenye faili au folda nyingine. Kukaza ghafla kungevunja programu za zamani. Sawa, ila anayehitaji uhuru huo anaweza kuuomba kwa kutamka kwamba analiamini furushi lake. Python hatimaye ilichagua njia hiyo: kichujio kiliongezwa mwaka 2023, na kuanzia toleo la 3.14, la Oktoba 2025, kichujio salama ndicho kinachofanya kazi mtu asipotaja kingine. Imechukua miaka 18.

Kichujio chenyewe nacho hakikuwa kamili. Juni 2025 ilibainika kwamba njia ndefu kupita kiasi ziliweza kukihadaa. Wenye shaka walipata la kusema, ingawa tukio hilo linawajibu wao zaidi. Tundu lilizibwa mahali pamoja, na aliyesasisha Python yake alipona bila kugusa mstari hata mmoja wa msimbo wake. Kwa Zip Slip, kila mradi ulilazimika kujitibu peke yake.

Nukta mbili si hila pekee. Lipo faili mashuhuri liitwalo 42.zip, lenye kilobaiti 42 tu, ambalo likifunguliwa tabaka hadi tabaka hufikia petabaiti 4.5, mzigo usiobebwa na seva yoyote ya ofisi. Dawa ni fanksheni inayohesabu baiti zinavyotoka na kusimama kikomo kikifika, badala ya kuamini ukubwa ulioandikwa juu ya furushi.

Ofisi inayokabidhiwa mfumo mpya haihitaji kuelewa hesabu za kubana data ili ijilinde. Inahitaji mafurushi matatu ya majaribio: moja lenye jina linaloanza kwa nukta mbili na mkwaju, la pili dogo linalofumuka kupita kiasi, la tatu lenye kiungo kinachoelekeza nje ya folda. Yapakiwe kwenye mfumo wa majaribio siku ya makabidhiano, mkandarasi akiwa amekaa palepale. Likipokelewa hata moja, hundi ya awamu ya mwisho irudi mezani kwa mhasibu.