BARAZA YA MWALIMU: Kitabu cha Hadithi Mkononi mwa Kijana

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya vijana na vitabu vya hadithi, maana wazazi kadhaa wametuuliza neno moja: “Mwalimu, hadithi zamfaa nini kijana, naye ana mtihani mbele yake?” Tena wako ambao wakimwona binti yao na kitabu cha hadithi humnyang’anya, wakamwambia ashike kazi ya maana. Swali lao ni la haki, nasi twapenda kulijibu.

Kwanza tuiangalie hali ya kijana mwenyewe. Katika Tanzania shule za msingi zilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1967, bali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Basi mtoto wa miaka 14 avuka kutoka lugha moja hata nyingine katika likizo moja tu. Hadithi za sungura na fisi amekwisha kuziacha, aziona ni za wadogo zake. Vitabu vinene vya watu wazima bado hajaviweza, na vya Kiingereza vyamshinda kwa wingi wa maneno mageni. Hapo ndipo wengi wanapoweka kitabu chini wasikiokote tena, ila kile cha mtihani. Na mtihani ukiisha, nacho hutupwa.

Sasa, ndugu zetu, kusoma ni kama jembe: lisipolimiwa hushika kutu. Tumewaona watu waliotoka shuleni wakisoma vizuri, na baada ya miaka michache barua ya ukurasa mmoja yawatoa jasho. Mtu wa namna hiyo huletewa hati ya kuuza shamba, akatia sahihi kwa kuamini maneno ya mwenziwe, kwa kuwa kuisoma yote ni taabu kwake. Hasara ya shamba si jambo dogo. Basi asomaye hadithi kwa furaha afanya mazoezi yatakayomlinda kesho, wala hajui kwamba ni mazoezi.

Ni hadithi gani zimfaazo? Ni zile zinazomhusu, kwa lugha anayoielewa. Ken Walibora aliandika “Siku Njema”, kitabu kilichotoka mwaka 1996, chenye habari za kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, akashika njia kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni kijana gani asiyetaka kujua kama alimwona? Apendaye mafumbo na apewe “Mzimu wa Watu wa Kale” cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Humo Bwana Msa, mtu wa kiko na mwenye macho makali, achungua habari za mauaji, na msomaji huchungua pamoja naye. Kitabu cha namna hii hakihitaji fimbo.

Katika darasa letu twafanya hivi. Kila siku kabla ya kengele ya mwisho twasoma kwa sauti dakika 15, na twaacha palipo patamu. Kesho yake wanafunzi hutukumbusha wenyewe, na wawili watatu huja faraghani kuomba kitabu ili watangulie mbele. Twawaazima, twaandika jina katika daftari, nao hukivika karatasi kisichafuke. Akimaliza hatumpi maswali kumi ya kujibu, twamwuliza tu, “Je, ungalikuwa wewe ungalifanyaje?” Tena kitabu kisichompendeza twampa ruhusa akirudishe, achukue kingine. Na kabati hatulifungi. Kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watoto kimefanya kazi yake. Kilicho kipya baada ya miaka 10 kimekula bure nafasi ya kabati.

Lakini wazazi wengine wasema, “Hatuogopi kupoteza wakati, twaogopa mambo yaliyomo.” Hofu hii si ya jana. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa “Rosa Mistika”, habari za msichana aliyelelewa na baba mkali, asiruhusiwe hata kusema na wavulana. Naye alipokwenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, hakuwa na ngao, akaharibikiwa. Kitabu kilikatazwa mashuleni kwa muda, kisha baadaye kikakubaliwa, kikawa cha kusomwa na kufundishwa. Twaona ya kuwa lililoonywa humo ndilo wazazi wanalolitaka: kijana ajue hatari kabla hajakutana nayo. Hatusemi kila kitabu ni cha kila umri, la. Twasema mzazi akisome kwanza, au asome pamoja na mtoto, ndipo aamue. Kukataza kitabu usichokifungua ni kuhukumu bila kusikiliza shahidi. Na mtoto aliyekatazwa hukisoma mafichoni, wala hana wa kumwuliza.

Basi twawaomba, enyi wazazi, mambo matatu. Mpeni kijana nusu saa ya taa kila jioni, na binti vilevile, maana mara nyingi kaka yake husoma wakati yeye anaosha vyombo. Kazi na zigawanywe. Mwambieni awasomee kwa sauti, hata nanyi msiojua kusoma, kwani masikio yenu yatampa heshima. Tena mwulizeni, “Kisha ikawaje?” Neno hilo dogo lafanya kazi kubwa kuliko zawadi.

Mwenye kitabu cha hadithi kilicholala nyumbani, akipenda, na atuletee. Wako wengi wanaongoja zamu yao. Kwaherini hata mwezi ujao.