Mkorogo: Nani Aliyemfundisha Binti Huyu Kuichukia Ngozi Yake?

 

Ndugu msomaji, suala la mkorogo limezungumzwa mno katika misikiti yetu. Mhadhiri husimama, akawataja dada zetu wanaojichubua, akaeleza kuwa kubadilisha maumbile ya Allah ni miongoni mwa mambo aliyoapa Iblisi kuwaamrisha wanadamu, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa, aya ya 119. Kisha hutia kichekesho cha uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola, na watu wakacheka. Hukumu aliyoitaja ni sahihi, wala sina la kuipinga. Kile kichekesho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Hapa Igawa, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, vikopo vya krimu huuzwa pamoja na sabuni na mafuta ya nazi. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la juu aliacha kuhudhuria madrasa kwa muda wa miezi miwili. Mama yake alinieleza kuwa binti halali usiku, amejitenga na wenzake, anakwepa kioo na hataki kula mbele ya watu. Uso ulikuwa umeungua kwa krimu. Mahali pa kwanza alipopelekwa ni kwa msomaji wa ruqya, ikasemwa ana jini. Hakuna aliyemuuliza alianza lini kuichukia ngozi yake.

Nilipomuuliza mimi, mama yake akiwepo, jibu lilinirudia mwenyewe. Darasani walikuwamo wasichana wawili wenye jina moja, nami, ili kuwatofautisha, nilikuwa nikiwaita mmoja "mweupe" na mwingine "mweusi". Nilifanya hivyo kwa miaka mitatu, tena katika darasa lile lile nililofundisha tafsiri ya Surat Al-Hujuraat, ambayo aya yake ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kubezana.

Tunayajua mafundisho haya kwa ndimi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abu Dharr (r.a.) alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa bado ndani yake mna ujahiliya. Sahihi mbili hazikumtaja mtu huyo kwa jina. Ni katika mapokezi mengine ndimo alimotajwa Bilal na weusi wa mama yake. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) naye alipopanda mti, Maswahaba walicheka kwa wembamba wa miundi yake, na Mtume akawajulisha kuwa miundi ile itakuwa mizito zaidi ya mlima Uhud katika mizani. Hao walikuwa Maswahaba, na hawakuachwa waendelee kucheka.

Sasa tazama mambo yetu. Mtoto akizaliwa, kabla hajaadhiniwa, tumekwisha kusema "katoka mweupe" au tumenyamaza. Vijana wetu wa harakati wakitaka kuposa, jambo la pili wanalouliza baada ya dini, na pengine la kwanza, ni rangi. Halafu binti akinunua kopo tunashangaa!

Na kopo lenyewe ni balaa juu ya balaa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa zebaki inayotiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi huharibu figo, na pia huweza kuleta wasiwasi, sonona na hata kuvurugika kwa akili. Yaani mtu hujipaka kwa sababu ya huzuni, na alichojipaka kikamwongezea huzuni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho ifikapo 2025. Kwetu, udhibiti wa vipodozi ulikuwa chini ya TFDA hadi mwaka 2019 ulipohamishiwa TBS. Sheria zipo, na vikopo vipo.

Ni rahisi kuitupia lawama simu. Ni kweli, nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kuwa miongoni mwa wasichana waliokwisha kuichukia miili yao, takriban mmoja katika watatu alisema Instagram imemzidishia. Lakini binti huyu hakuwa na simu. Alikuwa na mwalimu.

Kuhusu jini, sipingi ruqya, kwani ni Sunna. Ninalopinga ni kuifanya ukuta wa kuzuia njia ya hospitali. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa maradhi ya kimoja huvuta maradhi ya kingine, na akazungumzia tiba ya huzuni na wasiwasi kwa maneno na fikra. Huyo ni mwanachuoni wetu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na sisi leo tunaona haya kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili.

Binti alipelekwa hospitali, krimu ikasimamishwa, na daktari akazungumza naye kwa vikao kadhaa. Amerudi darasani. Siku aliyorudi nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Baadhi ya walimu wenzangu wamenilaumu, wakisema kuwa mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi kwa kuwa heshima itaporomoka. Hadi sasa sijaiona ikiporomoka. Wasichana wale wawili nawaita kwa majina ya baba zao.