Saba juu ya ishirini

Sisi tunaosoma hapa tunajua uzito wa ishirini. Pointi zinapobandikwa ukutani, kidole kinashuka polepole kwenye orodha, kinatafuta jina, kisha kinakwenda kulia. Kumi, umepona. Kumi na nne, unapiga simu nyumbani. Saba, unarudi chumbani bila kusema na mtu. Lakini hata mwenye saba ana haki moja: anaweza kuomba kuona karatasi yake, na aliyeisahihisha lazima aonyeshe kosa liko wapi.

Nimeanza na pointi za mtihani kwa sababu ninataka kusema juu ya mchezo wa kompyuta ambao nao unawapa watu pointi juu ya ishirini. Unaitwa Football Manager, na wengi wenu mnaufahamu, hata wale wanaosema wako maktaba. Katika mchezo huu hukimbizi mpira kwa vidole. Wewe ni kocha: unanunua wachezaji, unauza, unapanga timu, unasema nao kabla ya mechi, halafu unakaa kutazama kama akili yako imeshinda. Mizizi yake iko Uingereza, ambako ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager mwaka 1992. Kampuni yao, Sports Interactive, inautoa kwa jina la leo tangu mwaka 2004.

Ndani yake kila mchezaji ni orodha ya namba kutoka 1 hadi 20: pasi, kasi, utulivu, ujasiri, bidii, kuona mbali. Nyuma yake kuna namba nyingine ambazo kocha haonyeshwi: uwezo wa leo na uwezo wa kesho, vyote juu ya 200, na hata kipimo cha kama mtu anacheza vilevile kila wiki ama leo moto kesho baridi.

Ninaupenda mchezo huu, na sitaki mtu afikiri ninaandika kwa hasira ya kufungwa. Kwa mwanafunzi wa lugha una utamu wa pekee. Unaandika lugha ambazo kila mchezaji anasema. Mgeni asiyesikia lugha ya wenzake anachelewa kuzoea, na kocha anaweza kumpeleka kusomea lugha ya nchi. Sijaona mchezo mwingine unaoheshimu somo letu kiasi hicho. Na ukiutazama vizuri, mchezo wenyewe ni kamusi. Jina la mtu ndilo neno, namba zake ndizo maana, na chini ya kila maana kuna mtu aliyeamua.

Basi tuulize swali ambalo tumefundishwa kuuliza mbele ya kila kamusi: nani aliikusanya, na alisimama wapi alipokuwa anasikiliza?

Kampuni ina watafiti zaidi ya elfu moja duniani, wengi wao wapenzi wa klabu wanaokwenda uwanjani na kuandika wanayoyaona. Ni kazi kubwa, na kule Ulaya inafanywa hadi ngazi za chini sana za ligi. Kwa Afrika hali ni nyingine. Kwa miaka mingi, ligi ya bara letu ambayo mchezo unakuja nayo tayari kuchezwa imekuwa ile ya Afrika Kusini. TP Mazembe imekuwa bingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 iliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila, ikafika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Lakini Linafoot haimo kati ya ligi ambazo unaweza kuchagua na kuanza kazi.

Tena kuna wale ninaowaita watu wa kijivu. Klabu ikiwa haina wachezaji wa kutosha katika hifadhi ya mchezo, kompyuta inaijazia watu wa kubuni ili mechi ichezwe. Majina yao yanaandikwa kwa rangi ya kijivu. Wanavaa jezi, wanakimbia, wanaweza hata kufunga bao. Lakini huwezi kuwanunua wala kufuatilia maisha yao, na mechi ikiisha wamekwisha. Hawana saba wala kumi na saba.

Mtu atasema: hilo ni jambo la umaskini, watafiti hawawezi kufika kila pahali. Ni kweli. Lakini mtazame Tonton Zola Moukoko. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Uswidi, akaingia timu ya vijana ya Derby County kule Uingereza. Katika Championship Manager ya miaka ile, hasa toleo la msimu wa 2001–02, alikuwa hatari: ukimnunua akiwa kijana, baada ya misimu michache umepata kiungo wa kutisha. Watu wa nchi nyingi wanamkumbuka hadi leo. Kwenye Derby ya kweli hakucheza hata mechi moja ya timu ya kwanza.

Kila mara hadithi hiyo inasimuliwa kama kichekesho cha namba zilizokosea. Mimi ninaiona upande mwingine. Kosa lile lilihitaji kwanza mtu wa kukosea. Mtoto wa Kinshasa alipata sifa kubwa kuliko alivyoweza kutimiza kwa sababu alikuwa amefika mahali ambapo kulikuwa na mtu mwenye daftari. Wa umri wake waliobaki Kinshasa hawakupata hata bahati ya kuandikwa vibaya.

Na jambo hili halibaki kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 2008 klabu ya Everton ilikubaliana na kampuni hiyo kutumia hifadhi yake ya wachezaji katika kutafuta watu wa kusajili. Miaka michache baadaye, mwaka 2014, hifadhi hiyohiyo iliunganishwa na chombo cha Prozone ambacho klabu za kweli zilikuwa zinatumia kwa kazi hiyohiyo. Kijana asiyeandikwa mle hajafungiwa mlango, lakini amesimama mbali zaidi na mlango kuliko mwenzake.

Sasa niseme kosa langu, maana ni rahisi kulaumu watu wa London.

Mchezo una chombo cha kuhariri ambacho kinaruhusu mtu kuongeza ligi, klabu na wachezaji. Likizo iliyopita tulikuwa wanne na kompyuta moja, tukasema: kama hawatuandiki, tutajiandika. Tukaanza na timu ndogo za mji wetu, zile zinazocheza kwenye viwanja vya vumbi. Tuligawana. Mimi nilipewa timu ya komini yetu. Majina nilikuwa nayo, namba sikuwa nazo. Nikauliza huku na huku, nikakumbuka kidogo, nikabuni kidogo, na usiku mmoja nikamaliza watu ishirini na wawili.

Mmoja wao ni kijana wa avenyu yetu, miaka kumi na tisa, anafyatua matofali juma zima na Jumapili anacheza kiungo. Siku moja alipita kuchaji simu, akakuta jina lake kwenye kioo. Alifurahi kama mtu aliyeona picha yake gazetini. Halafu akauliza: «Na mimi niko na ngapi?» Nikamfungulia. Pasi, saba. Utulivu, sita. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bila ukali: «Yaya, ulikuya kuniona siku gani?»

Sikuwa na siku ya kumtajia. Saba ile niliipata kwa mtu mmoja aliyeniambia kwamba kijana huyo anapoteza mipira mingi. Sikumuuliza mtu yule aliona mechi ngapi, na mpaka wapi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Dakika ishirini za kwanza nilianza kujiona nina haki: alipoteza mipira mitatu, mmoja karibu utuzalie bao. Karibu yangu alisimama mzee mmoja ambaye, kwa namna alivyowataja wachezaji, haikosi mechi. Nikamwambia yule namba nane anapoteza sana. Akajibu bila kunitazama: «Anapotezaka ku mwanzo. Kiisha anasomaka kiwanja.»

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kina mashimo upande mmoja, mpira unaruka ovyo. Baada ya muda kijana aliacha kupitisha mpira chini upande ule, akaanza kuuinua. Kabla mpira haujamfikia alikuwa amegeuza kichwa mara mbili kutazama nyuma yake. Kipindi cha pili sikumwona akipoteza tena. Aliyenipa ile saba huenda alitazama mpaka nusu ya mechi akaenda zake.

Ninaomba wenzangu wa isimu warudi kwenye jibu la mzee yule. Hakusema «amepoteza» wala «alipoteza». Alisema «anapotezaka», «anasomaka». Ile -ka ya Kiswahili chetu, ambayo shuleni tulikatazwa kuiandika, inabeba tabia: si jambo la leo, ni jambo ambalo mtu huyu analifanya siku zote. Mchezo wa Waingereza unaficha jambo hilo katika namba ambayo kocha haonyeshwi. Mzee wa Katuba anaiweka ndani ya kitenzi, wazi, na hawezi kuisema bila kujitangaza kwamba amemtazama mtu huyu mara nyingi. Angekuwa amekuja siku ile tu kama mimi, sarufi yake mwenyewe ingemkatalia.

Nilirudi nikafuta saba. Nikaandika kumi na mbili kwa pasi na kumi na nne kwa kuona mbali. Kijana hakuridhika, alitegemea kumi na tano. Lakini safari hii tulibishana juu ya mechi moja ambayo sisi wawili tulikuwapo.

Kuna wenzangu watakaoniambia kwamba namba zenyewe ndizo ubaya, kwamba mtu hawezi kuwa orodha. Sikubaliani nao kabisa. Katika mpira wetu kijana anaweza kuachwa kwa sababu hana mjomba kwenye kamati, na akiuliza anaambiwa tu «bado hujafika». Maneno hayo huwezi kuyapinga, hayana mahali pa kushika. Saba inashikika. Kijana aliweza kuniuliza siku gani kwa sababu niliweka namba mbele yake. Kwangu ubaya uko kwenye namba isiyo na siku: pointi ambayo mwenye nayo hawezi kuomba karatasi yake.

Wengine watasema kwamba kampuni ya biashara haina deni kwetu, inaandika pale wanunuzi walipo. Nakubali, na ndiyo maana siandiki barua ya kuomba. Lakini tusidanganyike kwamba pengo lile ni la asili, kama ukosefu wa bahari hapa. Mpira wa wanawake nao haukuwamo katika mchezo huu kwa miaka mingi. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba itauingiza, watu wakatumwa kutazama na kuandika, na katika toleo lililotoka mwisho wa mwaka 2025 wanawake wamo. Wachezaji wale walikuwapo wakati wote. Kilichoongezeka ni watazamaji.

Watazamaji ndio sisi. Tunafundishwa kusikiliza, kuandika, kuuliza msemaji ametoka wapi na amesema lini. Tunakwenda vijijini kukusanya methali na majina ya samaki, na ni vyema. Lakini kila Jumapili, mwendo mfupi kutoka kwenye auditwari zetu, mamia ya watu wanachambua mchezo kwa maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote tuliyo nayo. Kuna mtu mwenye «macho ku mugongo», kuna mwenye «damu baridi», kuna anayecheza «sawa mutu wa bure». Ninachoomba fakilte yetu ni kitu kidogo: kazi moja ya mazoezi, mwaka ujao wa masomo, ya kukusanya Kiswahili cha uwanjani cha mji huu, na pamoja na kila neno kuandika mechi, tarehe, na mchezaji aliyesemewa.

Tutapata msamiati kwa ajili ya masomo yetu. Na vijana wa timu zile watapata daftari lenye majina yao, lililoandikwa na watu waliofika. Kama siku moja mtafiti wa kampuni yoyote atataka kulisoma, karibu, tutamfungulia. Asipokuja, daftari litabaki na kazi yake.

Faili letu la likizo bado lina watu ishirini na mmoja ambao sijawaona. Nimewafutia namba zote hadi nitakapokwenda. Jumapili hii ninaanza na mlinda lango, na mwenye nafasi anisindikize. Macho mawili hayatoshi uwanja mzima.